Bingo ya Bi Uberlinda na Bendi ya Vipupwe

Dagoberto Inostroza alikuwa maarufu kabla hajajua kupiga gitaa. Tatizo lilikuwa moja tu: habari za umaarufu huo alikuwa nazo yeye peke yake.

Watu wengine wote wa Penco, mji mdogo wa pwani, walimjua kama mtoto wa Nelda wa saluni, yule mrefu kama nguzo ya umeme, mwenye koti jeusi lililofungwa vifungo hadi kidevuni. Dagoberto lilikuwa jina la babu yake, muuza kome. Yeye alilikata likabaki Dago, akatangaza kwamba hakuna msichana duniani aliyewahi kumlilia mwimbaji aitwaye Dagoberto. Ukweli ni kwamba hata Dago hakuna aliyekuwa amemlilia, lakini mwenyewe alisema hayo ni mambo ya muda tu.

Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, nyimbo nne, na huzuni kubwa isiyojulikana ilitoka wapi. Mama yake alimfulia, akampigia pasi, akampikia supu ya kuku na mahindi kila Jumapili, naye akishashiba aliingia chumbani kuandika jinsi ulimwengu ulivyomtupa. Alikuwa msanii kwelikweli, kwa maana zote mbili za neno hilo. Nelda akimwambia ashughulikie vyombo, alishika gitaa. Nelda alimaanisha masufuria.

Bendi yake iliitwa Vipupwe vya Moyoni, na ilikuwa ya watu watatu. Besi alipiga Yasna Cifuentes, aliyekuwa akisomea uuguzi mjini Concepción, msichana wa maneno machache na macho yasiyopitwa na kitu. Drams zilikuwa za Eliecer Opazo, jitu la watu lenye roho ya njiwa, ambaye asubuhi aliuza mwani pamoja na mjomba wake. Ukikaa karibu naye kwenye mazoezi ulisikia mdundo na harufu ya bahari kwa wakati mmoja.

Dago hakuchoka kusema kwamba Vipupwe ni bendi ya kujitegemea. Neno hilo alilitamka kama watu wengine wanavyotaja majina ya watakatifu. Hawakutaka kampuni, hawakutaka tajiri, hawakutaka mtu wa kuwaambia wapige nini. Na kweli walijitegemea: gitaa alinunua mjomba wa Dago, gari lilikuwa la mwani, umeme ulikuwa wa saluni, na pale zilipokatika waya au nyuzi alijitegemea Nelda.

Mazoezi yalifanyika kwenye stoo ya saluni, nyuma ya pazia la plastiki. Upande huu Dago aliomboleza. Upande wa pili akina mama walikaa safu moja, vichwa ndani ya draya. Siku moja akachungulia akawaona wanatikisa vichwa taratibu, akamgeukia Yasna na kumwambia kwamba sasa wananchi wa kawaida wameanza kuuelewa muziki wao. Yasna akamjibu kwamba ndani ya draya mtu hasikii hata tetemeko la ardhi. Wale walikuwa wanasinzia.

Mwaka wa kwanza uliishia kwenye sheria, maana Dago alitunga sheria nyingi kuliko nyimbo. Ilikuwa marufuku kupiga muziki wa kuchezeka. Marufuku harusi. Marufuku kucheka kwenye picha, na jukwaani ndiyo kabisa. Picha yao ya kwanza walipigiwa juu ya miamba ya ufukweni, kwa sababu, alisema Dago, roki bila mwamba haikamiliki. Likaja wimbi moja, likawaruka wenzake wote, likamfunika yeye pamoja na nywele alizotumia saa nzima kuzivuruga. Kwenye picha hiyo Yasna na Eliecer wameshikana wasianguke kwa kicheko, na katikati yao kuna kitu cheusi kirefu kinachotiririka maji.

Mwaka wa pili ndipo wakaitwa jukwaani.

Paa la ukumbi wa mtaa lilikuwa linavuja, na kamati, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Nelda, ikaandaa bingo ya Jumamosi mchana ili kulichangia. Zawadi kubwa ilikuwa oveni ya umeme. Nelda akamwambia mwanawe kwamba Vipupwe watapiga wakati wa mapumziko. Dago akamweleza, kwa utulivu wa mtu anayemfundisha mtoto, kwamba sanaa yake haiwezi kuwekwa kati ya kadi za bingo na maandazi. Nelda hakuinua macho kutoka kwenye kichwa alichokuwa akikipaka rangi. Alisema tu kwamba ile stoo ina matumizi mengine mengi.

Vipupwe wakakubali mwaliko.

Siku hiyo mvua ilinyesha kama kawaida yake, ukumbi ukajaa, ndoo tatu zikawekwa sakafuni kudaka matone. Jikoni zilikaangwa sopaipilla, yale maandazi ya boga ambayo mtu wa Penco hawezi kuiona mvua bila kuyatamani. Msomaji wa namba alikuwa mzee Ruperto, zimamoto mstaafu, aliyesoma kila namba kana kwamba imeshika moto. Watu walifunika namba zao kwa maharage, wakisukumana viwiko, na mapumziko aliyoahidiwa Dago hayakuonekana, kwa kuwa hakuna aliyetaka kupumzika. Oveni ilikuwa mbele yao juu ya meza, inang'aa, imefungwa utepe.

Mzunguko wa mwisho ulikuwa umefika mbali kibofu cha mzee Ruperto kilipogoma. Akawaomba watu wasiguse kadi zao, anarudi sasa hivi, na kwa dakika hizo vijana wa Nelda watawachangamsha kidogo. Akawaachia kipaza sauti kilekile alichokuwa akisomea namba.

Kibao kikuu cha Vipupwe kiliitwa "Arobaini na Nne". Kilimhusu mtu anayepanda ngazi za kilimani kwenda nyumbani, akizihesabu moja moja, na akifika juu mlango umefungwa. Dago akafumba macho. Ubeti wa kwanza ukapita salama kwa sababu watu walikuwa wanatafuna. Wa pili ukapita salama zaidi. Kisha drams zikanyamaza, besi ikanyamaza, na Dago akakisogelea kipaza sauti akaimba peke yake, polepole, kila silabi na maumivu yake:

"Arobaini na nne..."

Meza ya nyuma alikuwepo Bi Uberlinda Riffo, mjane, mteja wa saluni wa kila Ijumaa. Kadi yake yote ilikuwa maharage matupu isipokuwa sehemu moja, na kwa ajili ya sehemu hiyo alikuwa ameshikilia harage mkononi tangu namba tisa zilizopita. Akaliweka. Akasimama.

"Bingo," akasema, kwa sauti iliyofika barabarani.

Ukumbi ukalipuka. Hawa wanapiga makofi, wale wanapinga kwamba haihesabiki, huyo ni mwimbaji, siyo msomaji. Dago, macho yake bado yamefumbwa, alichosikia yeye ni umati uliopagawa. Lo! Miaka miwili alikuwa akiisubiri sauti hiyo. Machozi yakamlengalenga, akaona ni unyimi kuwaacha hivi hivi, akarudia kiitikio. Mwanamume wa meza ya dirishani akaruka juu na bingo yake. Dago akarudia mara ya tatu, safari hii kwa kutetemesha sauti, na bingo nyingine ikatokea jikoni.

Eliecer akamrushia kijiti cha drams mgongoni. Dago alipofumbua macho alimwona mzee Ruperto anatoka msalani mbio huku anafunga mkanda, na washindi watatu wameishika oveni moja, kila mmoja upande wake.

Baada ya kelele nyingi Nelda akaamua kwamba namba ya wimbo si namba, na mzunguko urudiwe. Watu wakanung'unika, wakakubali. Mambo yangeishia hapo kama Dago angekuwa mtu wa kuyaacha mambo yaishe. Badala yake akashika kipaza sauti. Akawaambia wamekichafua kitu kilichomgharimu miezi mitano ya maisha yake. Kisha akamnyooshea kidole Bi Uberlinda na kusema kwamba asiyejua tofauti ya sanaa na bahati nasibu ni afadhali abaki nyumbani na kuku wake.

Matone yakasikika kwenye ndoo.

Bi Uberlinda alikusanya maharage yake moja moja, akayatia kwenye mfuko wa sweta. Watu waliamini kwamba kibao cha jukwaani sasa kitafuatwa na kibao cha shavuni, na waliokaa nyuma wakasogeza viti ili waone vizuri. Lakini yule bibi alipita tu mbele ya jukwaa, akasimama kidogo.

"Mwanangu," akasema, "humu ndani wote walikuwa wanakula. Mimi peke yangu nilikuwa nakusikiliza."

Akafungua mwavuli, akaenda zake. Mzunguko uliporudiwa, oveni ilichukuliwa na shemeji yake mzee Ruperto, na watu wakaguna.

Kesho yake Dago alisema hajali. Alisema hivyo mara kumi na moja kabla ya chakula cha mchana, na Yasna alizihesabu.

Mwezi uliofuata likatoka tangazo. Ghala moja kuukuu la Concepción lingekuwa na siku ya bendi changa, na washindi wangerekodi wimbo kwenye studio ya kweli, na wahojiwe redioni. Kwa kijana wa Penco mwenye gitaa, hiyo haikuwa habari ya kusoma umekaa. Bendi zote alizoziabudu Dago zilianzia mji ule, zikiwa na koti moja na mvua nyingi, na sifa hizo mbili yeye alikuwa nazo tayari.

Kila bendi ilitakiwa kutuma wimbo mmoja. Dago akarekodi siku nne mfululizo pale stoo, na kila alipofika penye uchungu draya ikawashwa, ikasikika kama ndege inatua juu ya huzuni yake. Alimwomba mama yake afunge saluni kwa wiki. Nelda alicheka mpaka akakaa chini. Siku ya mwisho Yasna akachoka. Kwenye simu yake alikuwa na wimbo ule aliourekodi siku ya bingo, mzima mzima, pamoja na fujo zake. Akautuma huo, na hakumwambia mtu.

Baada ya wiki mbili majibu yakaja. Dago hakutaka kuyasoma kimyakimya. Alipanda juu ya kiti cha kuoshea nywele, mbele ya saluni nzima, draya zote zikazimwa kwa heshima yake. Waandaaji waliwapongeza Vipupwe. Walisema hawajawahi kusikia kitu kama kile. Dago akainua kidole ili wasikilize vizuri zaidi. Walisema wimbo wenyewe ni wa kawaida, akasoma, na sauti yake ikaanza kupungua, lakini wazo la kumweka yule bibi apaze sauti ya bingo katikati ya majonzi ni la kipekee, la kijasiri, na wanawasubiri kwa hamu Jumapili ya mwisho wa mwezi, bibi akiwemo. Bila bibi, wasijisumbue.

Dago akashuka kwenye kiti. Nelda akawasha draya.

Kwa siku kadhaa alijaribu kila ujanja. Alimjaribu Eliecer, lakini bingo ya Eliecer ilitoka kama beseni lililoanguka. Yasna alikataa kujaribu. Walicheza sauti ya kwenye simu, ikawa inachelewa, bingo ikitokea wakati Dago ameshafika kwenye ubeti mwingine. Mwishowe akamwendea mama yake, akamweleza kwamba kila mwimbaji mkubwa ana timu yake, na kwamba yeye kama mzazi angefaa sana kumwendea bibi kwa niaba yake. Nelda akamwambia Bi Uberlinda bado anakaa kulekule kilimani, na kwamba akienda avae viatu vya maana, njia ina matope.

Alikwenda Jumanne. Ngazi zilikuwa nyingi kuliko zile za wimbo wake. Alimkuta Bi Uberlinda jikoni anamenya viazi, jiko la kuni linawaka, redio inaongea yenyewe. Dago hakuketi. Alikuwa ameandaa hotuba, akaitoa: kwamba ndani ya msanii kuna volkano, na volkano ikilipuka haichagui inayemmwagikia. Bi Uberlinda akamwuliza kama amekuja kuomba msamaha au kusoma taarifa ya hali ya hewa.

"Kuomba msamaha, bibi."

"Basi omba."

Dago akatazama viazi. Maneno ya kupamba alikuwa nayo magunia. Haya mengine, ya wazi, hakuwahi kuyafanyia mazoezi. Masikio yakamuwaka.

"Nilikukosea. Naomba unisamehe."

"Hayo ndiyo maneno," akasema Bi Uberlinda. "Ila ulinitukana kwenye kipaza sauti, halafu radhi unaniomba mbele ya viazi. Ijumaa utayarudia saluni. Draya zikiwa zimezimwa."

Ijumaa akayarudia. Akina mama walimtaka ayaseme tena, kwa kuwa aliyekaa mwisho hakuyasikia vizuri.

Hivyo ndivyo Vipupwe vya Moyoni walivyopata mtu wa nne, mwenye miaka sabini na miwili, aliyekuja mazoezini na nyuzi zake za kufumia. Shida ikaanza siku ya kwanza. Bi Uberlinda alisema hatapiga bingo ya uongo. Hajawahi kudanganya kwenye bingo tangu aolewe, na hataanza uzeeni kwa ajili ya roki. Atakuja na kadi yake ileile ya siku ile, atapanga maharage yake, na ikitajwa namba anayoingoja, atasema. Dago akaona ni ukaidi wa kizee, akakubali ili yaishe.

Kisha bibi akauliza kuhusu ubeti wa pili. Alitaka kujua yule mwanamume anafanya nini muda wote ule pale mlangoni. Dago akasema anateseka. Bibi akauliza kwa nini asibishe hodi. Dago akavuta pumzi, akaeleza kwamba ule mlango si mlango, ni fumbo. Yasna akasema hata yeye amekuwa akijiuliza kwa nini habishi hodi. Eliecer akanyoosha mkono na kusema yeye pia. Ubeti wa pili ukafutwa, mtu akabisha hodi, na wimbo ukapumua. Wiki ileile Dago alianza kusema kwamba wazo hilo lilikuwa lake.

Jumapili ikafika. Gari la mwani likawashusha ghalani saa tisa alasiri, vyombo vikinukia kama pwani nzima. Ndani kulikuwa na vijana kama mia mbili, karibu wote na makoti meusi yaliyofungwa hadi kidevuni. Dago alijiona amefika kwa ndugu zake. Mpango wake ulikuwa rahisi: Bi Uberlinda angekaa nyuma ya spika kubwa, pasipo na mwanga, aseme neno lake moja, amalize. Lakini mtu wa mitambo alipomwona tu bibi anaingia na mwavuli na mfuko wa maharage, alikimbia kumtafutia meza ndogo na kitambaa cha maua, akaiweka mbele kabisa, akampa kipaza sauti chake mwenyewe. Kabla hawajapiga hata noti moja, wasichana watano walikuwa wameshapiga naye picha. Bi Uberlinda alicheka katika zote tano, kinyume cha sheria.

Dago aliyaona hayo yote. Wimbo ni wa nani? Nani alilala nao, nani aliamka nao? Watu hawa walimjia nani? Walipoanza kupiga aliimba vizuri kuliko siku yoyote, kwa sababu ya hasira, na ghala likatulia kweli. Mtu wa kwenye wimbo akapanda ngazi. Akabisha hodi. Drams zikanyamaza, besi ikanyamaza. Bi Uberlinda akainua harage lake.

Ndipo Dago akafanya kile ambacho hadi leo anasema kilipangwa.

"Arobaini na tano..." akaimba.

Ghala likasubiri. Bi Uberlinda akatazama kadi yake. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa, akatazama tena kuanzia juu. Kisha akakisogelea kipaza sauti.

"Hiyo sina."

Kicheko kilichotoka pale kilitikisa mabati. Dago alihisi jasho linashuka ndani ya koti. Mtu mwenye akili angerudi nyuma. Yeye akasonga mbele.

"Arobaini na sita..."

"Hiyo pia sina, mwanangu," akasema Bi Uberlinda kwa huruma ya kweli. "Ila endelea tu, usiharakishe."

Watu wakashikana mabega. Eliecer alilaza paji la uso juu ya drams, mabega yanamtikisika. Yasna, ambaye katika miaka miwili hakuwahi kuonyesha jino akishika besi, alimgeuzia umati mgongo na kulia kwa kucheka. Dago alifikiria kwenda hadi tisini, akajua kwamba bibi huyu atamjibu moja moja hadi tisini, bila kuchoka, akikagua kadi kila mara.

Kutoka nyuma mtu mmoja akaanza kuita namba. Wakamfuata watu wa pembeni yake, kisha safu nzima, kisha vijana mia mbili kwa sauti moja, wakigonga miguu sakafuni: arobaini na nne, arobaini na nne. Dago akasimama pale na gitaa lake. Tangu akiwa na miaka kumi na tano alikuwa akiota siku ambayo umati usiomjua utaimba maneno aliyoyaandika yeye. Na kweli ulikuwa unayaimba. Ulikuwa unamwomba ayaseme, kama watu wanavyomwomba kondakta asimamishe.

Akayasema. Safari hii hakufumba macho, kwa hiyo aliliona harage likishuka, akauona uso wa bibi ukifunguka kama wa mtu aliyepata kitu kweli.

"Bingo," akasema Bi Uberlinda.

Sitaeleza kilichofuata, ila mtu aliyekuwa akipita nje alidhani jengo limeanguka.

Vipupwe wakashinda. Waamuzi walisifu besi, wakasifu drams, wakamsifu Bi Uberlinda kwa dakika nzima. Mwimbaji walimpa sifa maalumu kwa jinsi alivyoweza kuigiza ujinga kwa ustadi mkubwa namna ile. Dago aliinamisha kichwa na kusema ni matunda ya mazoezi ya muda mrefu.

Jumatatu saa nne asubuhi walikuwa redioni, wote wanne, wamevaa vipokea sauti masikioni. Mtangazaji akaanza na Dago, ambaye ndiye mtunzi, akamwuliza wimbo huu unahusu nini hasa. Hilo swali Dago alikuwa ameliandalia jibu kwa miaka miwili. Akasema wimbo unahusu nafsi ya kisasa inaposimama mbele ya utupu. Akasema ngazi ni wakati, na wakati wenyewe ni ngazi. Akasema mengine. Mtangazaji aliangalia saa mara mbili, kisha taa ya simu ikawaka, na akaidaka kama mtu aliyerushiwa boya.

Ilikuwa sauti ya mama mmoja wa Penco. Aliomba, kama haitakuwa taabu, yule kijana wa kwanza apumzike kidogo, wamsikie bibi. Mtangazaji akamshukuru na kumwuliza anaitwa nani.

"Nelda," ikasema redio, kwa mkoa mzima. "Na akitoka hapo, mwambieni apitie mkate."

Mtangazaji akacheka, Eliecer akacheka, hata mtu wa nyuma ya kioo alicheka. Dago naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo, akavua vipokea sauti na kusema kwamba basi heri akanunue huo mkate sasa hivi, kwa sababu baadaye utakwisha. Hakuna aliyemzuia.

Duka la mkate lilikuwa ng'ambo ya barabara. Lilikuwa na joto, lina foleni fupi, na juu ya rafu redio ilikuwa imewashwa kwenye stesheni ileile. Bi Uberlinda alikuwa anaongea. Alikuwa anasema kwamba ni wimbo mwepesi sana kuuelewa. Mwanamume amerudi kutoka kazini, amepanda ngazi zote zile, amebisha hodi, na anajua fika kwamba ndani hakuna mtu. Anabisha kwa mazoea. Yeye mwenyewe, alisema, mwaka ule wa kwanza baada ya mume wake kufariki alikuwa akirudi sokoni, na ufunguo anao mkononi, na bado anabisha.

Dukani hakuna aliyekuwa anatikisika. Dago akafika kaunta, akaomba mkate wa kilo moja. Mwuzaji, mama mmoja mwenye unga hadi kwenye nyusi, hakumtazama. Alimwinulia kiganja.

"Subiri kidogo, kijana," akasema. "Nasikiliza."

Dago akasubiri. Na yeye alitaka kujua ule wimbo unahusu nini.